Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo Asisubirishwe Mlangoni

 



Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka niliorejea kutoka masomoni na kukabidhiwa darasa la watoto wadogo, mama mmoja alikuja madrasa akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka saba. Miguu ya mtoto ilikuwa imekakamaa, shingo haitulii, udenda unamtoka. Nilimwambia kwa upole, nikidhani nimesema jema: "Mama, mtibu kwanza. Akipona, mlete." Baada ya miaka miwili alirudi, mtoto yumo mgongoni vilevile, ila sasa mzito zaidi. Akaniuliza: "Ustadhi, hajapona. Je, nirudi naye nyumbani?"

Swali lile ndilo lililonilazimisha kutafuta elimu ambayo sikuwa nayo, nayo ndiyo ninayotaka tugawane leo.

Hali hii kwa Kiswahili huitwa mtindio wa ubongo. Waarabu huiita ash-shalal ad-dimaghi, yaani kupooza kwa ubongo. Majina yote mawili humpotosha msikilizaji, akadhani kuwa kilichopooza ni akili. Sivyo. Kilichodhurika ni sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo na mkao wa mwili, nazo hudhurika ubongo ukiwa bado unakua: tumboni mwa mama, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai. Kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa uzazi, manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani ni miongoni mwa sababu zake. Tangu mwaka 1862 daktari wa Kiingereza, William John Little, alichapisha maelezo juu ya watoto wa namna hii akiihusisha hali yao na uzazi mgumu. Basi si jini, si uchawi, si laana, wala haiambukizi. Mume anayemwacha mkewe kwa sababu ya mtoto huyu amedhulumu nafsi mbili, na fedha inayoishia kwa mganga wa hirizi ingemnunulia mtoto kiti.

Ama akili, takriban nusu ya watoto hawa wana upungufu wa kiasi fulani, na nusu nyingine hawana. Hakuna awezaye kuwapambanua kwa kuwatazama usoni. Udenda hutoka kwa kuwa misuli ya kinywa haitii, si kwa ujinga. Na yule aliye mzito wa kufahamu naye ana haki ya kufundishwa kwa kadiri yake.

Ndugu zangu, lishikeni hili: jeraha lile la ubongo haliongezeki, lakini pia hakuna dawa ya kuliondoa. Mazoezi ya viungo humsaidia mtoto sana, na hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zina wataalamu wake. Lakini tunapomwambia mama "akipona, mlete", tumemfungia mwanawe mlango maisha yake yote. Kinachopaswa kubadilika ni darasa.

Litabadilika vipi? Mwalimu wangu katika hili alikuwa dada wa mtoto yule, binti wa miaka kumi na mmoja. Kila jioni alimkalisha nduguye kwenye kona ya chumba, mto kulia na mto kushoto, kuta mbili zikimshika mgongo. Kisha hushika karatasi mbili, moja ina alif na nyingine ina ba, akauliza: "Alif iko wapi?" Halafu hungoja, akitazama macho ya nduguye yanaelekea wapi. Kwa njia hiyo mtoto alizijua herufi zote 28, na mimi mwenye shahada sikuwa nimelifikiria hilo.

Tangu siku hiyo tunazingatia mambo matano.

Kwanza, mkao. Mkekani, mtoto aliyekakamaa miguu huanguka nyuma, na nguvu zake zote huishia katika kujizuia. Akae konani, au kwenye kiti chenye mikono, nyayo zikifika chini na meza ikiwa usawa wa viwiko. Abadilishwe mkao kila baada ya muda, na viungo vyake visivutwe kwa nguvu.

Pili, subira. Ukimuuliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia swali, wala usimmalizie neno.

Tatu, njia ya kujibu. Asiyeweza kusema ajibu kwa macho au kwa kidole, na tupatane naye alama ya "ndiyo" na ya "hapana". Kalamu izungushiwe kitambaa ili ishikike, na karatasi ibandikwe mezani.

Nne, wenzake. Watoto waelezwe ukweli mapema, kwani dhihaka nyingi huzaliwa na kutojua.

Tano, kifafa, ambacho huwapata takriban mmoja kati ya wanne. Akianguka, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, na asitiwe chochote kinywani. Degedege likizidi dakika 5, awahishwe hospitali.

Huenda mtu akasema: "Huyu hawezi kutamka, Qur'ani ataisomaje?" Tunaifahamu hadithi ya Bi Aisha (r.a.) juu ya malipo mawili ya anayeisoma kwa taabu. Na tunafahamu kuwa Sura ya 80, Abasa, iliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka kufundishwa. Kipofu huyo baadaye alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.).

Leo mtoto yule ana miaka kumi na miwili. Hatamki maneno, lakini nikisoma Suratul-Fiil nikaruka aya makusudi, hucheka kwa sauti mpaka niirudie. Mitaani mwetu wamo wengine kama yeye, ambao mama zao wamekwisha kuacha kubisha hodi. Twendeni sisi tukabishe kwao.