Toleo Jipya Lifike Bute Salama: Namna ya Kuchagua Zana ya Kusambaza Programu



Mama akifika kwenye zahanati na mtoto wake, na kumbukumbu za chanjo zisionekane kwenye kompyuta, lawama ya kwanza huenda kwa mtandao. Lakini mara nyingine mtandao hauna kosa. Programu ilibadilishwa usiku na mabadiliko hayo hayakufika sawasawa. Mada ya leo ni safari hiyo, kutoka kwa wasanidi programu hadi kaunta ya hospitali au dirisha la ushuru, na zana inayoifanya.

Programu haijengwi ikaisha kama nyumba. Hurekebishwa kila mara. Tangu mwaka wa 2011 takwimu za afya nchini Kenya hukusanywa kupitia mfumo wa DHIS2. Vituo vingi hutumia pia KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, programu iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Mifumo hiyo yote hupata matoleo mapya, na kila toleo lazima lifike kila kituo likiwa zima.

Zamani fundi alibeba toleo jipya na kuliweka kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine. Siku hizi kuna zana za kufanya kazi hiyo kiotomatiki: hukusanya msimbo, huupima, huufunga, huupeleka kwenye seva, na huandika nani aliidhinisha na saa ngapi. Kukiharibika, hurudisha toleo la awali.

Hasara ya kutegemea mkono pekee inajulikana. Siku chache kabla ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilianza kuweka programu mpya kwenye seva zake nane. Seva moja ilisahaulika. Tarehe hiyo ilipofika, kwa takriban dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400.

Hata hivyo, kasi bila tahadhari nayo ni hatari. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike lilisambazwa kwa wateja wake duniani kwa mpigo. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizimika, na ndege na hospitali zikakwama. Usambazaji ulienda kiotomatiki kama ulivyoamriwa. Kilichokosekana ni kutuma kwanza kwa wachache na kusubiri.

Wafugaji wa hapa wanaijua kanuni hiyo. Mifugo haihamishwi yote kabla vijana hawajaenda sahan kuangalia malisho na maji. Toleo jipya nalo lipelekwe kwanza kituo kimoja, litazamwe siku kadhaa, ndipo liende Gurar, Korondille, Danaba na kwingine. Zana isiyoweza kugawa safari kwa awamu haifai.

Yako mambo mengine matano ya kupima kabla ya fedha za umma kutumika.

Kwanza, mtandao na umeme. Mtandao ukikatika katikati, je, zana huendelea pale ilipoachia, au huacha nusu ya toleo jipya na nusu ya zamani? Kwa Bute, hili ndilo swali la kwanza.

Pili, makao yake. Jenkins na GitLab zinaweza kuwekwa kwenye seva ya taasisi yenyewe. GitHub Actions huendeshwa hasa kwenye mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo, ingawa kazi zenyewe zinaweza kufanyiwa kwenye mashine ya mteja. Kuwa na seva yako ni uhuru, lakini ni lazima awepo mtu wa kuilinda.

Tatu, bei ya kesho. Jenkins hailipiwi leseni, ila viungo vyake vingi vinahitaji fundi wa kuvitunza, na mshahara wake ni gharama. Kwa upande wa zana za kulipia, masharti hubadilika. Kampuni ya Atlassian ilisitisha huduma kwa matoleo yake ya Server mwezi wa Februari 2024, na waliokuwa wakiyatumia wakalazimika kuhama. Mkataba useme mapema jinsi ya kutoka.

Nne, kurudi nyuma. Kurudisha programu ya jana ni rahisi kuliko kurudisha kumbukumbu zilizokwisha kubadilishwa. Nakala ya kumbukumbu ichukuliwe kabla ya kila toleo, na urejeshaji ufanyiwe mazoezi kabla ya siku ya shida.

Tano, siri. Zana hii hushika funguo za seva zote, kwa hiyo anayeivunja ameingia kila chumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Majina halisi ya wagonjwa yasitumike katika majaribio, na anayeandika msimbo asiwe ndiye pekee anayeidhinisha usambazaji wake.

Maelezo mazuri ya muuzaji hayatoshi kuamua. Zana mbili au tatu zijaribiwe kwa toleo dogo la kweli. Katikati ya kazi mtandao ukatwe makusudi, kisha seva izimwe. Itakayopona bila kuita mtu kutoka Nairobi ndiyo yenye sifa, hata kama ina mapambo machache.

Wananchi nao wana nafasi. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha, na Kifungu cha 227 kinataka ununuzi ulio wa haki, wa ushindani na wa gharama nafuu. Mfumo wa kompyuta unapoletwa katika kikao cha ushiriki wa umma, mkazi wa Bute ana haki ya kuuliza: toleo jipya litajaribiwa wapi kwanza? Likiharibika, litarudishwa kwa muda gani? Muuzaji akiondoka, nani atabaki na funguo? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili yaweze kufuatiliwa.