Mtoto Amekimbia Kwenye Mvua: Ni Baridi au ni Malaria?

  Iwe uko Busia mjini, Malaba, Amukura, Nambale au Port Victoria, sogeza redio karibu. Kama unachambua omena, endelea tu. Mikono ifanye kazi, mimi niazime masikio.

Leo ninajibu swali la mama mmoja anayeuza mitumba pale Malaba. Binti yake amechaguliwa kukimbia mbio za nyika za shule, na mvua za Machi zimeanza. Mama akaniuliza, "Dada, akinyeshewa si atapata nimonia? Nimkataze?"

La, mama, usimkataze. Nimonia huletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye mapafu. Mvua yenyewe haina vijidudu hivyo. Lakini swali lako ni zuri, kwa sababu baridi nayo ina hatari zake, na huja wakati ambao wengi wetu hatuutazamii.

Wengine wenu mnakumbuka mbio za dunia za nusu marathoni, kilomita 21 na kidogo, zilizofanyika Cardiff, Wales, tarehe 26 Machi 2016. Kule mwezi wa Machi bado ni baridi, na siku hiyo ilinyesha mvua kubwa yenye upepo. Geoffrey Kamworor wetu alianguka pale pale mbio zilipoanza. Akainuka, magoti yamechubuka, akawafukuza waliomtangulia mpaka akamaliza wa kwanza kwa dakika 59 na sekunde 10. Bedan Karoki akawa wa pili, naye Mo Farah, aliyekuwa akikimbia nyumbani kwao Uingereza, akawa wa tatu. Upande wa wanawake alishinda Peres Jepchirchir. Hao wote walikuwa na nguo nyepesi za mbio tu!

Waliwezaje? Misuli inayokimbia ni kama jiko. Sehemu kubwa ya nguvu inayotumika kukimbia hugeuka kuwa joto, na joto hilo hushindana na mvua. Lakini mkimbiaji akichoka na kupunguza mwendo, jiko linazimika huku nguo zimelowa, na hapo baridi inaanza kumshinda. Tuliona hivyo Boston, Marekani, Aprili 2018. Mvua ilikuwa ya barafu, upepo ukivuma usoni, na wakimbiaji wengi mashuhuri waliacha mbio njiani. Geoffrey Kirui, aliyekuwa ameshinda mwaka uliotangulia, alikuwa akiongoza, akaishiwa nguvu, na Yuki Kawauchi wa Japani akampita karibu na mwisho.

Ndiyo maana kwenye mbio kubwa kama hizo mtu akivuka tu mstari anafunikwa blanketi. Hawangoji atetemeke.

Sasa turudi kwetu. Utasema Busia hakuna baridi kama hiyo, na ni kweli. Lakini mtazame mtoto wetu akimaliza mbio. Amelowa chapachapa, kisha anasimama uwanjani saa nzima akingoja zawadi, huku mgeni wa heshima akihutubia. (Wageni wa heshima, tafadhali fupisheni hotuba mvua ikinyesha.) Halafu anapandishwa bodaboda na nguo zile zile, na upepo unampiga hadi nyumbani. Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa kavu, na mwili mdogo hupoa haraka kuliko wetu sisi watu wazima. Hiyo nusu saa baada ya mbio ndiyo ya kuangalia, mama, kuliko mbio zenyewe.

Kwanza atatetemeka. Kutetemeka ni mwili unajaribu kuwasha jiko lake tena. Akianza kujikwaa, kushindwa kufunga vifungo, au kuongea kama mlevi, baridi imeingia ndani. Na akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na anasinzia, usifikiri amepata nafuu. Hiyo ni hatari, mpeleke hospitalini mara moja, ukiwa umemfunika.

Dawa ya kwanza ni kumvua nguo zilizolowa. Wengi wetu tunatupa blanketi juu ya nguo za maji, haisaidii. Mvue, mkaushe, mvalishe nguo kavu, funika na kichwa. Kama ni mdogo, mkumbatie kifuani mwako ndani ya blanketi moja. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe chai au uji vuguvugu wenye sukari. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, usimtumbukize kwenye maji ya moto, na pombe usimpe hata kijiko. Hata ile ya babu ya "kupasha damu" humfanya apoteze joto zaidi. Na usifunge mlango ukalala na jiko la makaa chumbani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza isiamke.

Sasa nifike penye uchungu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu alinyeshewa kwenye michezo ya shule, akarudi akitetemeka. Nikafanya yote haya niliyowaambia, akalala vizuri. Kesho yake saa nne akatetemeka tena, na safari hii mwili ulikuwa moto. Nikasema, ni ile mvua ya jana. Nikampa chai ya tangawizi na dawa ya kutuliza homa. Siku ya tatu alikuwa anatapika hata maji. Tulipofika hospitalini alipimwa, akaonekana ana malaria, akalazwa siku mbili. Na mimi ni mhudumu wa afya! Mvua niliiona kwa macho. Mbu sikumwona.

Mbu anayeambukiza malaria akikuuma leo, homa haiji kesho. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi kati ya siku 10 na 15. Kwa hiyo mtoto anayetetemeka kwa malaria siku moja baada ya mvua aliumwa na mbu zamani, kabla mvua ile haijanyesha. Na sisi tunaishi ukanda wa ziwa, ambako malaria haina likizo.

Mguse mtoto. Aliyepigwa na baridi ya mvua ngozi yake ni baridi, na akikaushwa na kupashwa joto anatulia, kisha imekwisha. Mtetemeko ukirudi, au mwili ukiwa moto, acha kuisingizia mvua. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Katika vijiji vingi mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumpima hapo hapo nyumbani. Akipewa dawa ya AL, ni siku 3, mara 2 kwa siku, pamoja na chakula. Usimwekee nduguye vidonge viwili vilivyobaki. Akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilala usingizi usio wa kawaida, au akipumua haraka na kifua kikibonyea ndani, usingoje asubuhi.

Kuna jambo moja la kumtoa mtoto uwanjani: radi. Ukisikia ngurumo, waingie darasani, si chini ya mwembe, na wakae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Yule mama wa Malaba binti yake anakimbia Ijumaa. Nimemwambia ampelekee sweta, leso kavu na chupa ya chai, avifunge ndani ya kipande cha nailoni (mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku Agosti 2017, msinitafutie shida), na asimame mwenyewe pale kwenye mstari wa kumalizia. Anasema atafunga kibanda saa sita.

Tukutane wiki ijayo saa kama hii, tuzungumze juu ya uji wa mtoto wa miezi sita. Kwaherini.