Msiba Uliokatazwa Kilio: Majeraha ya Moyo Meatu na Njia ya Kuyaponya



Nimeombwa nizungumzie majeraha ya moyo na namna yanavyopona. Ningeweza kuanzia vitani, maana sehemu kubwa ya elimu hii imetokana na askari na wakimbizi. Lakini naanzia wilayani Meatu, kwa watoto wa akina mama waliouawa kwa kuitwa wachawi. Wao wamefiwa, kisha wakazuiwa kulia.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba watu wapatao 3,000 waliuawa nchini Tanzania kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 2005 na 2011. Meatu ilikuwa imeshachunguzwa kabla ya hapo. Mchumi Edward Miguel alikusanya habari katika vijiji 67 vya wilaya hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua isiyo ya kawaida, yaani ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka maradufu, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee wa kaya maskini, na waliowaua mara nyingi walikuwa jamaa zao. Mtama ulikauka shambani, ghala likawa tupu, na bibi akabebeshwa lawama. Ushahidi wakautafuta machoni mwake, kwa kuwa macho mekundu huchukuliwa kuwa dalili ya uchawi. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa ameinama juu ya mafiga, akipuliza moto wa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Sasa mfikirieni binti yake, aliyekuwa amelala chumba cha pili usiku ule alipouawa.

Kumbukumbu ya kawaida huchakaa. Ya tukio la kutisha haichakai hivyo. Mbwa akibweka usiku, au nyayo zikisikika uani, mwili huitika kana kwamba wauaji wamerudi. Moyo hudunda, usingizi hupaa, na mchana mtu hushikwa na ganzi au hasira isiyo na sababu. Huo si udhaifu wala pepo. Ni mwili unaoendelea kulinda nyumba ambayo ilishavamiwa.

Lakini binti huyu ana mzigo mwingine. Katika msiba wa kawaida majirani huja na maji, kuni na unga, wakakaa matanga, na marehemu akatajwa kwa mema. Hapa watu huogopa kuja. Maziko hufanywa haraka. Akilia sana, huulizwa kwa macho tu: je, naye amerithishwa? Maana inaaminika kwamba uchawi hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Basi hunyamaza, na kesho yake huchota maji kisima kimoja na mtu anayemshuku kuwa muuaji. Kubwa kuliko yote, baada ya miaka, huanza kujiuliza moyoni kama labda waliyoyasema yalikuwa kweli. Naamini shaka hiyo ndiyo kiini cha jeraha lenyewe, na matibabu yasiyoifikia hayajafika popote.

Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza hatua tatu za kupona: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana tena na watu. Huku kwetu Afrika Mashariki hatua ya pili imeonyeshwa vizuri Nakivale, Uganda, miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi. Mshauri hutandika kamba chini, nayo ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Penye jema huwekwa ua, penye baya huwekwa jiwe. Kisha mtu husimulia kwa mpangilio, na wanapofika kwenye jiwe hawaruki: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulihisije? Mshauri huandika, na kikao kinachofuata humsomea mwenyewe simulizi yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nafuu ya wazi. Kwetu sisi, ambao hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko mbali kule Dodoma, hiyo ni habari njema.

Hata hivyo kamba peke yake haitoshi Meatu. Binti akitoka kwa mshauri anarudi kwenye kijiji ambacho bado kinaamini mama yake alikuwa mchawi. Ndiyo maana napendekeza dagashida, mkutano wa kimila ambao Wasukuma wameutumia kuamua mambo yao makubwa, ukae na kutamka hadharani kwamba marehemu hakumdhuru mtu. Takwimu za mvua zisomwe pale. Moshi wa jikoni uelezwe pale. Maarifa hayo yanamwondolea mama lawama, na kwa binti yake ni dawa.

Wako watakaosema tutafufua uhasama. Hofu yao naiheshimu, na ndiyo maana dagashida isitaje wauaji; hao ni wa polisi na mahakama. Lakini kukiri hadharani si jambo geni kwetu. Mwaka 1976, katika operesheni ya kukomesha mauaji haya haya mikoani Mwanza na Shinyanga, na eneo la Meatu likiwa wakati huo ndani ya Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, aliwajibika kwa kujiuzulu ingawa yeye binafsi hakumtesa mtu. Ikiwa waziri aliweza kubeba lililofanywa chini yake, kijiji nacho kinaweza.

Baada ya tamko familia ipewe siku yake ya matanga, hata ikiwa imepita miaka ishirini. Na pale ambapo shamba la marehemu lilichukuliwa, suala hilo lifike baraza la kata kabla mshauri hajatandika kamba yake, kwa kuwa ni vigumu binti kusimulia yaliyompata huku kila asubuhi akipita kando ya mpaka uliosogezwa.