Majibu Yetu Mliyapeleka Wapi?



Juma lililopita alikuja nyumbani kwangu kijana mmoja, mtoto wa jirani, anayesoma mwaka wa pili chuo kikuu. Alikuwa na furaha. Amepata nafasi ya kwenda mafunzo kwa vitendo, au "fildi" kama wanavyoita wenyewe, katika wilaya moja ya mbali. Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Hakuna mshahara, kuna nauli na posho ya chakula tu. Alitaka ushauri: aende au asiende? Nilimwambia aende. Lakini kabla hajaondoka nilimkalisha chini nikamsimulia habari zangu za Jamaica, maana huko ndiko nilikojifunza maana ya kujitolea, na nilijifunza kwa aibu.

Ilikuwa mwaka 1997. Nilikuwa mwanafunzi nchini Canada. Kulikuwa na shirika moja lililowapeleka wanafunzi, wakati wa likizo ndefu, wakafanye kazi za kujitolea katika nchi maskini kwa wiki kumi. Wenzangu wote walikuwa Wakanada. Mimi Mtanzania, niliyezoea kuwaona vijana wa Kizungu wakishuka kwetu na mabegi mgongoni kuja kutusaidia, nikajikuta nami nimebeba begi mgongoni nakwenda kumsaidia mtu mwingine. Nakiri kwamba nilijiona mtu mkubwa.

Jamaica ni kisiwa kidogo, kidogo hata kuliko Mkoa wetu wa Kilimanjaro. Kilipata uhuru wake Agosti 6, 1962, miezi minane tu baada ya Tanganyika. Kutoka mji mkuu, Kingston, tulisafiri kwa basi dogo, na hapo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuwa mgeni. Kiti cha watu watatu wanakaa watano, kondakta ananing'inia mlangoni, muziki unapigwa mpaka madirisha yanatetemeka. Ukilalamika kwamba nafasi imekwisha, unaambiwa ujifanye mdogo. Ndivyo wanavyosema hasa. Sisi tunasema "sogea kidogo", wao wanasema "jifanye mdogo".

Nilipangiwa kijiji kimoja katika jimbo la Trelawny, nchi ya vilima na viazi vikuu. Kusini ya jimbo hilo kuna eneo linaloitwa Cockpit Country, vilima vingi vya mawe ya chokaa vilivyopangana kama mayai kwenye trei. Katika vilima hivyo watumwa waliotoroka mashambani, wanaoitwa Maroons, walipigana na Waingereza miaka mingi, mpaka mwaka 1739 Waingereza wakakubali kufanya nao mkataba wa amani. Wenzao waliobaki mashambani walingoja uhuru kamili mpaka mwaka 1838.

Asubuhi ya kwanza bibi mwenye nyumba alinikaribisha chakula. Neno lao la kula ni "nyam". Mimi nikaitafuta nyama mezani, nisiione! Palikuwa na tunda lao liitwalo ackee, lililopikwa pamoja na ng'onda, na pembeni shelisheli la kuchoma. Bibi akaanza kunieleza shelisheli ni kitu gani, akidhani sijapata kuliona. Nikamwambia kwetu pwani, na Zanzibar, tunalijua vizuri. Akashangaa. Kule Jamaica lililetwa kwa meli mwaka 1793, kutoka visiwa vya bahari ya Pasifiki, ili liwe chakula cha bei rahisi cha watumwa. Leo ni chakula cha kila mtu, na hakuna anayelionea haya.

Sasa tuje kwenye kazi. Nilipewa dodoso lenye maswali 43, nizungukie kaya 60. Mna watu wangapi? Maji mnachota wapi? Choo ni cha aina gani? Nani hajui kusoma? Kwa wiki mbili nilipanda na kushuka vilima, kalamu mkononi. Watu walinipokea vizuri. Walinipa kiti, walinipa maji ya nazi, walijibu kila swali.

Siku moja nikafika kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akimenya viazi barazani. Nilipomaliza kujieleza, akaniuliza bila hasira:

"Mwanangu, mwaka jana alikuja msichana akaniuliza maneno hayo hayo. Mwaka juzi alikuja mvulana. Majibu yetu mliyapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitauliza.

Jumatatu yake nilikwenda kwenye ofisi ya shirika mjini, nikaomba kuona kazi za waliotangulia. Nilionyeshwa chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na maboksi. Nikafungua moja, nikakuta madodoso ya mwaka 1996. La chini yake lilikuwa na ya mwaka 1995. Maswali yale yale, kijiji kile kile, mengine yameandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Unyevu ulikuwa umeyagandisha, na pembeni mchwa walikuwa wameanza kazi yao. Nikamwuliza mkubwa wa ofisi kama yupo mtu aliyeyasoma. Akanijibu kwa upole kwamba wafadhili wanachotaka kujua ni idadi ya kaya zilizotembelewa.

Ndugu msikilizaji, usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa nimemwibia mtu fedha. Lakini nilikuwa nimekunywa maji ya nazi ya watu na kula muda wao, kwa kazi ambayo mwisho wake ni mchwa.

Asubuhi nilimweleza bibi mwenye nyumba. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Kama unataka kazi, nenda kwenye ukumbi wa kanisa Jumanne na Alhamisi jioni. Mwalimu amechoka."

Mwalimu huyo alikuwa mama wa makamo, aliyefundisha watoto shule ya msingi mchana na watu wazima jioni. Jamaica, tangu miaka ya 1970, ilikuwa na mpango wa taifa wa kufuta ujinga wa kutojua kusoma, uliotegemea sana walimu wa kujitolea, kama sisi tulivyokuwa na madarasa ya ngumbaru baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi yangu mzaa mama alijifunza kuandika jina lake katika darasa kama hilo. Kwa hiyo nilipoingia ukumbini na kuwaona watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, nilijiona niko nyumbani.

Mwalimu yule alikuwa akifundisha hapo kwa miaka kumi na mmoja bila malipo. Alinikabidhi mwanafunzi mmoja, mkulima wa miaka hamsini na kitu. Tumwite Mzee, maana jina lake ni lake. Alikuwa ameshajua herufi zote, ila kuziunganisha kulimshinda. Kila jioni alikuja na kopo la biskuti chini ya kwapa, na kila jioni aliondoka nalo bila kulifungua.

Wiki ya saba akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi za mshahara. Mzee huyo, kama maelfu ya Wajamaika wenzake tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa akienda Florida, Marekani, kukata miwa kwa panga kila msimu, mpaka katikati ya miaka ya 1990 mashine zilipochukua kazi hiyo. Misimu tisa alikwenda. Kila alipolipwa alipewa karatasi, na kwa kuwa hakuweza kuisoma, aliitunza.

"Mwalimu," aliniambia, mimi niliyekuwa sawa na mwanawe, "nataka tusome hizi."

Tukasoma. Tuliacha kitabu cha darasa, karatasi zile zikawa kitabu chetu. Neno la kwanza alilosoma peke yake, bila msaada, lilikuwa "saa". Jingine lilikuwa "makato". Jioni ya tatu akaweka kidole kwenye tarakimu, akanyamaza muda mrefu. Karatasi ilionyesha saa sita kwa siku. Akasema wiki ile aliikumbuka, kwa sababu alijikata mguu: waliingia shambani kabla jua halijachomoza na kutoka jioni. Akachukua karatasi nyingine, nayo ikasema saa sita.

Nilitegemea atakasirika. Alizikunja moja moja, akazirudisha kwenye kopo. Akasema, "Miaka yote hii nilidhani natunza ushahidi kwamba nililipwa."

Nilijaribu kuulizia kama kuna mahali pa kudai. Niliambiwa muda umepita mno, na mimi nilikuwa nimebakiza siku kumi na mbili. Ndege haikunisubiri. Niliondoka tukiwa katikati ya kopo.

Mwezi Desemba nilipata barua Canada. Mistari minne, herufi kubwa zote, kwa mkono wake mwenyewe. Aliniambia mvua imenyesha, viazi vimekubali, mwalimu hajambo, na sasa anamfundisha mwanawe kuzisoma karatasi kabla ya kuweka sahihi. Nilikuwa na mitihani, nikaiweka barua ile pembeni. Nilimjibu baada ya miezi mitano. Sikupata barua nyingine. Mtu aliyehangaika miaka hamsini kufikia kuandika mistari minne, mimi niliyesoma nikamchelewesha miezi mitano!

Ndiyo maana nimemweleza kijana wa jirani mambo matatu. Kwanza, ukifika huko uliza nani alitangulia kufanya kazi hii, na matokeo yake yako wapi. Ukiambiwa yako kwenye boksi, lifungue boksi kabla hujamsumbua mtu kwa maswali mapya. Pili, majibu ya watu ni mali yao. Ukimaliza, rudi uitishe mkutano chini ya mwembe, uwasomee waliyokuambia, ndipo uandike ripoti ya chuo. Tatu, tafuta mtu anayefanya kazi hiyo siku zote bila kupigwa picha, umsaidie huyo. Wewe utaondoka, yeye atabaki.

Sisi tumezoea kumwita mtu wa kujitolea yule aliyekuja kwa ndege. Mimi niliandikiwa cheti kizuri chenye mhuri kwa wiki kumi zile, na mpaka leo ninacho. Mwalimu yule wa ukumbi wa kanisa, kwa miaka kumi na mmoja, sikuona cheti ukutani kwake. Na kwetu wapo wengi kama yeye, katika kila kata na kila mtaa. Ukimjua mmoja, juma hili mpelekee chaki.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa tukutane juma lijalo.