Lala Vizuri Kisumu Bila Kumaliza Mfuko

Leo tunazungumzia namna ya kupata chumba cha kulala Kisumu kwa bei nafuu.

Ukitoka Nairobi kwa barabara, utapita Ahero kisha Nyamasaria kabla ya kuingia mjini. Gesti za pembezoni kama Nyamasaria mara nyingi huwa nafuu kuliko hoteli za katikati ya jiji, lakini piga hesabu ya nauli ya matatu au boda kwanza.

Kabla ya kulipa, omba kuona chumba. Fungua mfereji, washa feni, kisha tandaza neti kitandani na uitazame dhidi ya mwanga: tundu dogo linampitisha mbu, na ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima. Ikiwa gesti iko kando ya barabara kuu, malori hupita hata usiku, kwa hivyo chagua chumba cha nyuma.

Uliza kama kiamsha kinywa kimo kwenye bei, na saa ya kuondoka ni ngapi. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina la biashara kabla ya kukubali, kisha dai risiti.

Mikutano mikubwa hujaza vyumba, kama ule wa miji ya Afrika, Africities, uliofanyika Kisumu Mei 2022. Msimu kama huo, weka nafasi mapema.

Msikilizaji, usione haya kuuliza wala kupatana bei. Pesa ni zako, na usingizi ni wako.