Hatari ya Kostiki Soda Haiishii Hospitalini

Kupona kwa jeraha ni jambo moja, na kumalizika kwa madhara yake ni jambo jingine. Ukweli huo huonekana wazi kwa mtoto aliyekunywa kostiki soda, dawa kali inayotumiwa kutengenezea sabuni.

Mara nyingi ajali hiyo hutokana na uzembe mdogo. Mtengenezaji wa sabuni huhifadhi dawa iliyobaki katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kulaumiwa akiinywa, kwani chupa hiyo ameizoea.

Kostiki soda huunguza umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Baada ya majuma kadhaa kidonda hufunga, lakini kovu lake hujikunja na kuibana njia hiyo. Mtoto hushindwa kumeza ugali, kisha uji, na pengine hata maji. Waganga hulazimika kuipanua njia hiyo kwa vyombo maalumu, tena na tena, kwa miezi au miaka.

Lipo dhara jingine, la nadra lakini zito zaidi. Penye kovu hilo paweza kuota saratani, mara nyingi baada ya miaka 40 hivi, wakati mhusika amekwisha kuisahau ajali yenyewe. Kwa hiyo, mtu aliyepata kuungua umio asipuuze hata kidogo shida mpya ya kumeza. Amwone daktari na kumweleza yaliyompata utotoni.

Nchini Marekani, Dakta Chevalier Jackson, aliyewatibu watoto wengi wa namna hiyo, hakuridhika na kutibu peke yake. Alipigania sheria, na mwaka 1927 ikapitishwa. Vyombo vya dawa hizo zilizouzwa kwa matumizi ya nyumbani vikalazimika kuandikwa wazi neno sumu, pamoja na maelezo ya kumsaidia aliyedhurika.

Hata hivyo, maandishi hayo hayaifuati dawa inapomiminwa katika chupa nyingine. Hapo sheria hukoma na wajibu wa mwenye nyumba huanza. Dawa ibaki katika chombo chake, ifungiwe mbali na watoto. Ajali ikitokea, mtoto asitapishwe, kwani dawa ikipanda itamwunguza mara ya pili. Apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kufuli hununuliwa mara moja tu. Kovu la umio hugharimiwa maisha yote.