Ufunguo wa maktaba ya shule



Katika furaha ya yubile tumkumbuke Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza kupewa upadri, mwaka 1917. Miaka 1910 na 1911, angali mseminari, maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalichapwa kwa Kifaransa. Lugha ilikuwa ya wageni, habari ilikuwa ya watu wake.

Watoto wetu waifuate njia hiyo. Anayenakili ubao tu hujua yale anayoyajua mwalimu. Bali anayefungua vitabu viwili, akaona havipatani, huanza kuuliza. Na kuuliza si ujinga. Tumfundishe kutafuta neno katika kamusi, kusoma ramani, kuandika jina la kitabu alimopata habari, kisha kwenda kwa wazee kuhakikisha.

Twaogopa vitabu visipotee, na kwa hiyo twafunga kabati. Lakini kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimetimiza kazi yake. Kilicholiwa na mchwa kabatini ndicho kilichopotea.

Wazazi, mwachieni mtoto saa moja ya kusoma kabla ya giza. Walimu wenzangu, tufungue kabati. Mungu awabariki.